Mtoto wa Ukubwa wa Haragwe

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana ninamsimanga mtu mwingine. Neno lililomponza Zihindula lilipita kinywani mwangu. Nilikuwa nimekula kiapo, mkono juu, kwamba nitatafsiri yote yatakayosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Nikatafsiri, na nikakosea neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Neno lenyewe ni picha.

Naitwa Spés. Ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, ndiyo sababu Kiswahili changu kimenyooka kuliko cha Wakongo wa mtaani kwetu Riverside, hapa Buffalo. Hawaachi kunitania kwamba nazungumza kama redio. Asubuhi ninaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku mbili kwa wiki ni mkalimani. Mkalimani hujua siri za watu kuliko padri wao, na kazi inamkataza kuzitoa nje. Haya ya Zihindula ninayasimulia kwa sababu mwenyewe alinipa ruhusa. Aliniambia, "Dada Spés, uyaseme weye, ju miye nimechoka kuyasema." Kwao ju ni kwa sababu.

Alikuwa Mshi wa milima ya Walungu, upande wa Bukavu. Alianza seminari ndogo akaiacha, na katika kuiacha akaokota kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Pale misheni kulikuwa na padri mzee wa Kibelgiji, miguu imevimba, ambaye kila Jumatano alitoka kwenda kuchora nje. Hakuchora ndani ya nyumba hata siku moja. Zihindula, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye mabega, alimbebea sanduku la rangi, na baada ya mwaka mmoja akawa anachora kuliko padri.

Padri alimfundisha kwa kitabu chenye picha za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya kumi na tisa. Zamani, alimwambia, mchoraji wa Ulaya alichora mlima akiwa amejifungia chumbani, anautunga kichwani. Kisha rangi za mafuta zikaanza kutiwa ndani ya vibomba laini, kama vya dawa ya meno leo, ikawezekana kuzitia mfukoni. Na treni ikaanza kumtoa mtu Paris asubuhi na kumfikisha porini kabla ya chakula cha mchana. Basi wachoraji wakapanda treni na miavuli yao na vigoda vyao, wakakaa mashambani mwa watu, wakachora mwanga kabla haujaondoka. Sheria ilikuwa moja: usichore usichokiona. Ng'ombe akiondoka, ameondoka, usimrudishe kwa akili yako.

Zihindula aliishika sheria hiyo kuliko katekisimu. Padri alipokufa alimwachia sanduku, naye akaishi kwa kuchora. Alichora vilima vya chai, ukungu, mashamba ya maharagwe, ziwa likionekana kwa mbali, na Wazungu wa mashirika walinunua Bukavu ili waning'inize kwao. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo padri hakumfundisha. Wanunuzi walipenda mlima, hawakupenda watu. Mama mmoja wa shirika alimwambia kwa Kifaransa, kwa upole kabisa, kwamba picha ni nzuri ila ina watu wengi mno. Basi watu wakawa wadogo. Mkulima akawa alama mbili za brashi, mwanamke mwenye mzigo wa kuni akawa doa. Mtu akila kwa mkono wa mnunuzi, hata jirani yake atamchora doa.

Mwezi wa saba mwaka 2006 alichora picha moja ambayo haikununuliwa. Aliichora mbele ya nyumba yake mwenyewe, siku ya kuvuna. Kuna kilima, kuna bati la nyumba, kuna shamba la maharagwe, na mbele ya nyumba kuna madoa sita: mkewe, watoto wao wanne, na Chimène. Chimène ni doa jekundu kwa sababu alivaa nguo nyekundu. Mnunuzi alisema lile neno lao la watu wengi, na Zihindula akakunja picha yake akarudi nayo nyumbani. Nyuma ya turubai aliandika mwezi na mwaka kwa penseli, kama alivyoandika nyuma ya zote.

Sasa nieleze habari za Chimène, maana kila kitu kinamhusu yeye. Alikuwa mtoto wa Bagula, mdogo wake Zihindula, aliyeuawa barabarani mtoto akiwa na miaka miwili. Mama yake aliolewa kwingine. Kwa Washi, kama kwetu Warundi, mtoto wa ndugu yako wa kiume ni mtoto wako, na hakuna anayeulizia karatasi. Alilala na wenzake kitanda kimoja, akachapwa fimbo moja pamoja nao. Vita ilipofika mwaka 2008, alikuwa kwa bibi yake kilima cha pili. Familia ilikimbilia Uganda bila yeye. Waliambiwa kile kilima kimeteketea chote, wakamlilia, wakamfanyia misa. Walipojaza fomu za kuja Marekani hawakumwandika, kwa sababu nani anaandika maiti kwenye fomu?

Walifika Louisville mwaka 2013. Zihindula alipata kazi kiwanda cha nyama, na Jumapili moja baada ya ibada alichukua sanduku la padri akaenda nje ya mji, ambako kuna mashamba ya farasi yenye uzio mrefu. Akasimama kando ya barabara, akaanza kuchora. Baada ya saa moja likaja gari la polisi. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna mtu mweusi anaitazama nyumba yake. Hawakumfanya kitu, walimwambia tu aondoke. Lakini alipokuwa akinisimulia alicheka vibaya, akasema wale wa kitabu cha padri walikaa shambani mwa mtu mwezi mzima, na mkulima aliwaletea maziwa. "Bon," alisema, "balikuwa na kofia nzuri." Hakuchora nje tena Louisville.

Mwaka uliofuata walihamia Columbus, kwa binti yao mkubwa Gracieuse, aliyeolewa Hilliard, kitongoji cha huko. Zihindula alipakia maboksi kwenye ghala lisilo na dirisha. Ni huko ambako simu ilimkuta, wakati wa chakula. Aliyepiga alikuwa mchungaji mmoja kutoka kambi ya wakimbizi Burundi, akauliza kama yeye ndiye Zihindula wa Walungu, mtoto wa fulani. Kisha akampa simu msichana. Msichana alisema, "Papa, ni Chimène. Sikukufaka," yaani hakufa. Zihindula alikaa chini sakafuni kati ya maboksi, na msimamizi akafikiri ameanguka kwa ugonjwa wa moyo.

Tangu siku hiyo mzee alikuwa na haja moja tu duniani: Chimène aje. Alisikia kwamba Buffalo kuna mawakili wa bure kwa wakimbizi na nyumba za bei nafuu, akahamisha mke na watoto waliobaki, akapanga hapa Riverside karibu na mto. Karatasi za kumwombea ziliwekwa mwaka 2015, mwaka ambao Burundi ilichafuka. Kila wiki msichana alipiga simu na kila wiki alisema mambo yametulia, kwa sauti ya mtu anayezungumza huku akiangalia mlango.

Mzee nilimfahamu katika darasa la Kiingereza, ambako nilikuwa nawasaidia walio nyuma. Mwalimu alitupeleka nyumba ya makumbusho siku ya bure, na tukaingia chumba cha michoro ya Kifaransa ya karne ile. Wakongo wetu walikuwa wakitembea haraka, wanatafuta choo. Zihindula alisimama. Alianza kutuambia ipi ilichorwa nje na ipi inadanganya, na jinsi ya kujua: kwenye moja kulikuwa na mchanga umenasa ndani ya rangi. Kisha akatuonyesha wanawake wanaookota masalia shambani, migongo imepinda.

"Muangalie," alisema. "Iko na mugongo, haina uso. Na huyu. Na huyu. Mwenye shamba iko wapi? Iko Paris, njo yeye ananunua picha. Moshi ya kiwanda yake imemuchosha, anataka kuona majani." Akageuka akaniangalia. "Na miye nilifanya vilevile, Dada Spés. Nilifanya batu bangu vilevile."

Sikuelewa. Nilifikiri ni maneno ya mzee tu. Ningelikuwa na akili siku ile, yaliyofuata yasingelitokea, na ninajua kwamba kusema hivyo hakumsaidii mtu.

Mwezi wa tatu mwaka 2016 aliitwa ofisi ya uhamiaji, nami nikaitwa kutafsiri. Afisa alikuwa mama wa makamo, mpole, miwani imefungwa kamba shingoni. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ningepumua. Alieleza kwamba msichana si wa damu ya mzee moja kwa moja na hakutajwa kwenye fomu za mwanzo, kwa hiyo ofisi inahitaji ushahidi kwamba alilelewa nyumbani mwake kabla ya kukimbia. Hati ya mahakama hakuna. Cheti cha ubatizo kiliungua na parokia.

"Kuna picha yoyote ya mtoto huyu akiwa na familia?" afisa aliuliza. Neno alilotumia kwa Kiingereza ni la picha ya kamera, si jingine. Mimi nikasema picha.

Zihindula akainuka kidogo kitini. "Iko! Iko moja. Familia yote mbele ya nyumba, mwezi ya saba, 2006. Chimène iko ndani."

Nikatafsiri. Afisa akafurahi, nakuapia alifurahi, akauliza ni nani aliyeipiga. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nilimwona mzee ana woga, nikataka asikie lugha ya kwao, nikaacha Kiswahili changu cha redio. Nikasema, "Nani alifanya ile picha?" Ningelisema aliipiga, angelishtuka palepale, angelijua wanazungumzia kamera. Lakini nilijifanya Mkongo.

"Njo miye mwenyewe niliifanya," akajibu kwa fahari.

Nikamwambia afisa kwamba aliipiga yeye mwenyewe. Afisa akaandika. Akasema alete ile halisi, si nakala, akatoa tarehe ya wiki nne mbele.

Nje, kwenye ngazi, Zihindula alinishika mikono yote miwili. "Balikubali!" alisema. "Niliogopa batasema picha ya rangi si kitu."

Nami, mjinga wa wajinga, nikidhani anasema ya kamera isiyo nyeusi na nyeupe, nikamwambia, "Papa, siku hizi hata ya rangi wanakubali."

Wiki mbili kabla ya tarehe nilikwenda nyumbani kwao kupanga karatasi. Mkewe, Mama Gracieuse, alinipa chai. Mzee akaleta bomba la plastiki la mafundi wa maji, akatoa turubai iliyokunjwa, akaitandaza juu ya meza. Niliona kilima, bati, na madoa. Nilisubiri atoe na picha. Kisha nikaelewa kwamba ndiyo hiyo.

Nilimweleza. Nililia nikimweleza. Hakunigombeza, na hilo ni baya kuliko kugombezwa. Tukampigia wakili wa bure palepale. Wakili alifikiri kidogo, akasema si mwisho wa dunia. Ataandika barua kueleza kosa la mkalimani, nami nitatia sahihi. Mchoro wa zamani wenye tarehe nyuma, uliobebwa kutoka nchi hadi nchi, unaweza kuwa shahidi, dhaifu lakini shahidi. "Ila asiuguse," alisema. "Hata vumbi asifute."

Nilitafsiri hilo mara mbili. "Usiiguse, Papa. Hata kwa kitambaa."

"Nimesikia," alisema. Alikuwa akiliangalia lile doa jekundu.

Mama Gracieuse aliinama juu ya meza, mikono kiunoni. Ni mwanamke anayefanya kazi kwa wafua mashuka ya hospitali, anaamka alfajiri, hana muda wa maneno matamu. "Banapashwa kuona mutoto hapa?" aliuliza. "Hii ni harage. Ulifanya mutoto ya watu harage, sasa unaenda kubaambia ni Chimène."

Nadhani maneno hayo ndiyo yaliyommaliza. Alikuwa amejiambia hivyo mwenyewe kwa miaka, lakini kusikia kutoka kwa mke ni kitu kingine. Niliondoka nikimwona bado ameinama mezani, pua karibu na turubai.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Jumamosi kabla ya kwenda ofisini, mzee alichukua sanduku na turubai akaenda bustani ya mtoni. Ilikuwa mwezi wa nne, vipande vya barafu kutoka ziwani vinashuka na maji, upepo unakata masikio. Alitaka kumpa Chimène uso, mdogo sana, macho na mdomo, kwa brashi ya nywele tatu. Na alishindwa. Alikaa pale, brashi mkononi, na uso haukuja. Alikumbuka nguo. Alikumbuka alivyokimbia, alivyokohoa. Picha ya Chimène aliyoipata kwa simu ya mchungaji ilikuwa ya msichana mkubwa wa miaka kumi na saba mwenye shavu kavu, haikumwambia kitu juu ya mtoto wa miaka saba. Na sheria ya padri ilikuwa imekaa ndani yake miaka zaidi ya thelathini: usichore usichokiona.

Basi akarudi nyumbani akamchukua Bulonza. Huyo ni kitinda mimba wao, aliyezaliwa Uganda, ana miaka saba, anajibu kila kitu kwa Kiingereza. Akamvalisha sweta nyekundu, akamkalisha kwenye benchi mtoni, akachora alichokiona. Mtoto alisema, "Papa, I'm cold," mara nyingi, naye akamwambia bado kidogo. Ilibidi akuze doa ili uso uenee. Alipomaliza, Chimène alikuwa na ukubwa wa kidole gumba, na wengine wote mbele ya nyumba walibaki haragwe.

Anayejua rangi za mafuta anajua hazikauki upesi, na kwenye baridi ndiyo kabisa. Zihindula alijua kuliko sisi wote. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, "Nilijua. Mukono ulifanya." Sina cha kuongeza hapo.

Siku ya ofisi tuliingia sote: mzee, mkewe, wakili na mimi. Wakili alitoa barua yangu, afisa akaisoma, akanitazama juu ya miwani, akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Akasema haya, tuione.

Mzee akaitoa kwenye bomba. Haikutaka kufunguka. Ilikuwa imekunjwa rangi kwa ndani, na mahali fulani ilinata ikatoa sauti ya plasta inayobanduliwa. Harufu ikajaa chumbani. Ilipotandazwa niliona uso wa mtoto mbele ya nyumba, umepakazika shavu moja, na juu kwenye mawingu, pale turubai ilipojikunja, uso mwingine mwekundu uliogeuka. Wakili alifumba macho. Afisa alishika turubai pale mawinguni kuisogeza, kisha akatazama kidole gumba chake. Kilikuwa chekundu.

Akachukua karatasi laini akakifuta polepole. "Muulize," aliniambia, "hii imechorwa lini?"

Nilimuuliza. Mzee aliutazama ule uso. Mama Gracieuse, aliyekaa ubavuni mwangu, alisema chini kwa chini bila kunigeukia, "Dada Spés, sema tu 2006." Alisema kwa Kiswahili, mbele ya afisa, kama mtu anayeomba maji. Hilo sikulitafsiri. Kiapo changu kina tundu pale, na silijutii.

Zihindula alisema, "Mulima na nyumba ni 2006. Uso ni juma iliyopita."

Ningeweza kufanya nini? Nilikuwa nimeshamharibia kwa kutafsiri vibaya, na sasa nilikuwa nammaliza kwa kutafsiri vizuri. Nilisema neno kwa neno. Sauti yangu haikutetemeka, nami naichukia kwa hilo.

"Kwa nini?" afisa aliuliza.

"Juu mulitaka kuona mutoto," alisema. "Mbele, zamani ile, hakukuwa uso. Bale banunuzi hawakupenda batu. Nilimufanya mudogo juu ya kuuza, na sasa nilitaka awe mukubwa, muweze kumuona. Donc, njo hivyo. Ni mutoto wangu. Hata bila uso ni mutoto wangu."

Afisa aliandika yote. Hakuwa na haraka. Alipomaliza alikunja turubai mwenyewe, kwa uangalifu, akiweka karatasi safi juu ya ule uso, akamrudishia mzee kwa mikono miwili. Adabu ile iliniumiza kuliko ukali.

Barua ilikuja mwezi wa sita. Walinipigia nikaisome, maana barua nzito za Kiingereza hawazisomi wenyewe. Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni kwao. Ilisema kwamba mwombaji alieleza kuwa na picha aliyoipiga mwenyewe, kisha akaleta mchoro, na kwamba mchoro ulibadilishwa muda mfupi kabla ya kuletwa. Kwa hiyo ofisi haikuweza kuutegemea, wala kuyategemea maneno ya mwombaji kuhusu mtoto huyo. Ombi limekataliwa. Nilitafsiri hadi mwisho, hata mstari wa kufungia barua, unaosema "kwa heshima".

Mama Gracieuse aliingia chumbani akafunga mlango. Tulimsikia. Mzee alikaa, akauliza kama kuna pengine pa kukata rufaa, nikamwambia wakili ataangalia, na sote wawili tulijua nimesema bila tumaini. Wakili aliangalia. Alisema kuna njia moja, ndefu, nyembamba, na itahitaji ushahidi mpya. Ushahidi mpya utoke wapi, kwenye kilima kilichoteketea?

Jumapili ile Chimène alipiga simu kama kawaida. Mzee aliniomba nikae. Alishindwa kumwambia, akazunguka zunguka, akauliza juu ya mvua, juu ya mchungaji, hadi msichana akasema mwenyewe, "Papa, balikatala, eh?"

"Balikatala."

Kisha msichana akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaweza kuiona hiyo picha. Alikuwa ameisikia kwa miezi kadhaa, hajawahi kuiona tangu ilipochorwa siku ile ya kuvuna. Simu ya mchungaji inapokea picha, alisema. Zihindula akanipa ishara. Nikaitandaza turubai mezani, nikaipiga kwa simu yangu, kwanza nzima, kisha uso peke yake kwa karibu. Nikatuma. Tukasubiri, na sote tukawa tunaiangalia ile simu iliyolala mezani na sauti imefunguliwa.

Tulisikia wanapeana simu kule, mchungaji anamwonyesha mahali pa kubonyeza. Tulisikia akivuta pumzi alipoiona nyumba. "Bati yetu," alisema. "Na shamba. Papa, na njia ya mutoni!" Alicheka, na Zihindula akacheka, na mimi machozi yakanitoka kwa kuwa sikuwahi kumsikia mzee huyu akicheka vizuri.

Kisha akafika kwenye ule uso.

"Papa," alisema, "huyu mutoto amesimama fasi yangu ni nani?"

Mlango wa nje ulikuwa wazi na Bulonza alikuwa barazani, anaruka kamba na kuhesabu kwa Kiingereza. Zihindula alimtazama.

"Ni mudogo wako," alisema mwishowe. "Alizaliwa nyuma yako."

"Aa," alisema Chimène. "Bon. Ni muzuri."